Mchoro Kwenye Mfuko wa Saruji

Usinianzie na bei, Shemdoe.
Kaa. Kigoda kile cha miguu mitatu, hakimwangushi mtu.
Huu mfuko wa saruji nimeupasua, nimeukung'uta,
na hii penseli ya useremala ni bapa,
ukiiacha mezani haibingiriki,
ndiyo maana naipenda.

Hapa mlango. Hapa dirisha linalotazama njia ya Mikanjuni.
Futi arobaini kwa ishirini na nne.
Kuta bado mbichi, hazijapigwa lipu,
na nataka tuyaseme leo, kabla ya lipu,
maana ukuta ukishavaa
kuuvua ni nyundo, vumbi na lawama.

Msumeno wa meza ukae katikati, peke yake kama bibi harusi,
mbao ndefu zipate pa kuingilia na pa kutokea.
Waya wake upite chini ya sakafu, ndani ya bomba.
Sitaki kuruka kamba uzeeni.
Randa huku. Kompresa nje, na kibanda chake;
inakoroma kama marehemu mume wangu,
na yeye pia nilimhamishia barazani.

Kila mashine na njia yake, na breka yake.
Randa ikikwama, ife randa,
taa zisizimike.
Nakwambia, taa zisizimike.
Kule kwa kupanga, Ngamiani, barabara ya kumi na tatu,
tulikuwa mafundi wanne na soketi moja,
waya umezaa waya, adapta imepanda adapta,
ukigusa plagi ina moto
kama paji la mtoto mwenye homa.
Siku ile giza liliingia na msumeno bado unazunguka.
Umeme hukatika mara moja; meno hayana habari,
huendelea kwa mazoea.
Kidole cha Kilua tulikiona asubuhi
ndani ya maranda ya mvule.

Kwa hiyo taa, mstari wake mbali.
Tena ziwe nyingi. Wasema mbili zatosha?
Zakutosha wewe unayeingia na kutoka.
Mimi nachonga kwa mkono wa kushoto:
taa ikikaa kushoto, kivuli cha ngumi yangu
chalala juu ya alama ninayoifuata.
Ziweke kulia. Swichi ndiyo iwe kushoto.
Mwalimu alinichapa miaka mitatu nibadili mkono.
Ukuta huu haunichapi.

Soketi ziwe usawa wa kiuno, si wa kifundo cha mguu;
vumbi la mbao hushuka, hutulia, hungoja cheche.
Fezi tatu, ndiyo. Fomu nimeshachukua.
Nguzo ya karibu iko kwa mzee Chambo,
hatua themanini na mbili, nimezihesabu
nikijifanya natafuta kuku.

Sasa waya wa ardhi.
Wasema mchanga wa huku mkavu,
fimbo ya shaba yataka mahali panapokunywa maji.
Basi ni nyuma ya bafu, penye migomba.
Lakini pale, karibu na shina la pili,
nilizika kitovu cha Mwantumu.
Yuko Mwanza siku hizi, anauza miwani,
hupiga simu Ijumaa, dakika mbili, salio likikata limekata.
Chimba, sikukatazi. Sogea kidogo tu, upande wa ukuta.
Shoti ikitokea, umeme ukitafuta pa kwenda,
upite jirani naye taratibu
kama mgeni anayevua viatu.

Mbona umenyamaza? Andika.

Na hii kona niliyoidonoa nukta nukta
ni ya mashine ya kukereza. Sina.
Huwa naipitia dukani naishika mpini, narudi nyumbani.
Wewe pitisha bomba tupu hivyo hivyo,
tia ndani uzi wa katani,
ncha zote mbili uzifunge kwenye msumari,
siku waya ukija
ukute kuna wa kuuvuta.

Haya. Sema bei.